Mchunga wa Njia ya Bendera

Nilimwaga sumu kwenye mboga ya mama yangu. Naanza na hilo mapema, asije mtu akasema nilificha. Sikuimwaga sufuriani, nina ukorofi, lakini si wa kiasi hicho. Niliimwaga kwenye njia ya bendera pale bomani, kwa keni ya kumwagilia maua, saa nane mchana, huku napiga mluzi. Nilidhani naua magugu.

Ninyi wa kidato cha kwanza mtakaopokea majembe wiki ijayo, haya ni yenu. Mimi nimestaafu. Nimekuwa kiongozi wa kundi la magugu kwa mihula mitano, nina miaka kumi na saba, mgongo wangu una miaka sitini, na mwalimu wa kazi ameniambia nikakae na vitabu. Wengine wakistaafu hupewa baiskeli. Mimi nimepewa daftari na kuambiwa niandike ninachokijua, bila upuuzi. Ninachokijua nitaandika.

Boma mnaliona kila siku, lakini mnalitazama kama watu wanaopita. Wajerumani walilijenga, Waingereza wakalipokea, sasa ni letu, pamoja na magugu yake. Kuna njia ya mawe kutoka getini hadi mlingoti wa bendera, vitanda vya maua huku na huku, nyasi, halafu mteremko. Chini ya mteremko kuna mfereji, na mfereji huo ndio unaonywesha bustani za watu wote wa chini, pamoja na yetu. Shule yetu ilikabidhiwa eneo lote hilo ilipokuja elimu ya kujitegemea. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, baada ya masomo. Walioimba vizuri walipelekwa kwaya. Mimi nilipelekwa magugu.

Pale bomani tulimkuta Mzee Anyosisye. Ni Mnyakyusa, alikuja milimani kwetu kijana, akafanya kazi kwenye shamba moja la chai, halafu akaajiriwa bomani kutunza bustani. Kishambaa chake ni kibovu, na anakisema kwa sauti kubwa ili kifunike ubovu. Kucha tatu za mkono wake wa kulia hazioti sawasawa. Tulimuuliza siku ya kwanza zimefanya nini. Akasema, "Zilichoka." Tukacheka, kazi ikaanza.

Kosa langu la kwanza halikuwa sumu, lilikuwa jembe. Kuna nyasi inaitwa sangari, mizizi yake myeupe inatambaa chini kama kamba ya viatu. Mimi niliikatakata kwa jembe kwa hasira zote za mwanafunzi aliyekosa kwaya. Kitanda kikawa cheusi, safi, nikasimama kupigwa picha ingawa hapakuwa na kamera. Wiki tatu baadaye kitanda kizima kilikuwa kijani.

Mzee Anyosisye akanichukua mkono akanionyesha. "Ulikuwa na sangari moja. Ukaikata vipande ishirini. Sasa unazo ishirini. Hongera, una ukoo."

Kwa hiyo andikeni: sangari haikatwi. Chukua uma, chomeka pembeni, inua udongo taratibu, vuta mzizi wote hadi mwisho wake, halafu uanike juu ya jiwe ukauke kabisa. Usiutupe kwenye shimo la mbolea ukiwa mbichi, utaota humo humo na kukushukuru. Ndago nayo ina vitunguu vidogo chini. Ukivuta majani tu unakuwa umeinyoa nywele. Kishonanguo king'oe kabla hakijaweka mbegu, la sivyo kitaondoka na suruali yako na kuhamia kwenu. Na kazi ya kung'oa ifanyike baada ya mvua, udongo ukiwa umelegea. Wakati wa jua kali gugu linakatikia mkononi, mzizi unabaki chini ukisubiri uondoke.

Hayo yote yanachukua muda. Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia.

Nilikuwa kidato cha kwanza bado, mwezi wa saba, ile baridi yenu mnaijua. Bomani walitangaziwa mgeni mkubwa kutoka mkoani, atafika Jumamosi. Kundi letu lilipewa njia ya bendera, pande zote mbili, iwe safi kama sahani. Na Alhamisi hiyo hiyo saa kumi vijana wa Soni walikuwa wanakuja kucheza na sisi, wamepanda lori juu ya kabichi. Mimi ndiye golikipa. Mzee Anyosisye alikwenda kufuata miche, akatuacha na uma mbili na neno moja: "Ng'oeni."

Wenzangu wakang'oa kipande chao, wakaenda. Kipande changu kilikuwa kirefu, kuanzia kitanda cha mawaridi hadi mlingoti, na sikuwa nimekigusa tangu Jumanne. Nikahesabu: kwa uma, nitamaliza giza likiingia. Stoo ya bomani ilikuwa na debe la dawa ya kuunguza magugu, limebaki tangu zamani, lina picha ya fuvu. Mzee Anyosisye alikuwa ametukataza hata kuligusa. Ufunguo alikuwa anauficha nyuma ya stoo kwenye msumari, mahali ambapo kila mtu alijua anauficha.

Nikachanganya dawa kwenye keni, kwa kukisia. Nikatembea kutoka mawaridi hadi mlingoti na kurudi. Nusu saa, kazi imekwisha. Keni nikairudisha kwenye ndoano yake bila kuiosha. Kumbukeni hiyo keni.

Jua lingewaka, majani yangesinyaa pale pale na kila mtu angeona. Lakini siku ile ukungu ulishuka hadi kwenye paa la ofisi. Dawa ile inataka jua. Kwenye ukungu majani yalibaki yamesimama, mabichi, yanang'aa kwa unyevu, mazuri kabisa kuyatazama.

Tulifungwa matatu. Sitaki kulizungumza.

Nikafika nyumbani kabla ya magharibi. Mama alikuwa jikoni, mdogo wangu Zaina amekaa karibu na moto ameshanawa mikono. Ugali umeshaiva. Kwenye sufuria ndogo kulikuwa na mchunga, ile mboga chungu, umechanganywa na mnavu, unanukia.

Lazima niseme jambo la aibu kuhusu sisi wavulana wa huku. Tunakula mboga kila siku ya Mungu na hatujui inatoka wapi. Kuchuma mboga ni kazi ya mama na dada. Ukiniuliza wakati ule mchunga unaota wapi, ningekujibu: kwenye sufuria. Jioni ile niliuliza kwa sababu tu sikuwa na la kusema baada ya kufungwa matatu.

"Mama, mboga hii umeitoa wapi?"

"Tangu lini unauliza? Leo mmefundishwa nini huko?"

"Nauliza tu."

"Bomani. Njia ya bendera. Kiangazi hiki mashamba yote yamekauka, pale wanamwagilia maua, basi mboga imenona. Leo ukungu umeilainisha, hata kisu sikutumia."

Zaina akamega tonge.

"Mama, tusile hii."

"Kwa nini?"

"Ina wadudu."

"Nimeiosha mara tatu. Hao wadudu wako wanajua kuogelea?"

Ningeweza kusema ukweli pale pale, maneno manne tu. Lakini Zaina alikuwa ameshanyoosha mkono na tonge lake kuelekea sufuriani, na mguu wangu ukatangulia mdomo. Nilipiga sufuria teke. Mboga ikamwagika majivuni yote. Ndio mpira pekee niliougusa siku ile.

Mama akasimama na mwiko. Kumwaga chakula mbele ya mama yako, kwa mguu, wadogo zangu, kwetu hakuna jina la kosa hilo, maana hakuna aliyewahi kulifanya. Alinitazama kwanza kuona kama nina homa. Ndipo nikasema: nimeweka dawa, ya kuua magugu, leo, njia nzima.

Hakunipiga. Alimshika Zaina kidevu, akamfungua mdomo, akatazama ndani kama anavyomtazama mbuzi wa kununua. Mdomo ulikuwa mtupu. Akamnawisha mikono kwa kipande chote cha sabuni tulichokuwa nacho, akanawa na yeye hadi kwenye viwiko. Halafu akakunja vidole vitatu, kimoja kimoja: mke wa balozi, mama Shekue, Bibi Mwanaidi. Hao ndio waliochuma naye. Akajifunga kanga ya pili, akanishika mkono juu ya kiwiko, tukatoka.

Kwa balozi wa nyumba kumi ndiko karibu. Tulimkuta amekaa mezani, sahani iko mbele yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmefungwa ngapi?"

Mama akasema neno moja: "Sema."

Nikasema. Mboga ya bomani ina sumu, msile, ni mimi niliyeweka.

Balozi akacheka. "Inanihusu nini? Mimi mke wangu ananipikia kabichi na mchicha wa bustanini. Mtu wa cheo changu nile magugu ya serikali?"

Kutoka jikoni mkewe akasema, "Miaka saba."

"Miaka saba nini?"

"Unayakula. Na unaongeza." Akatoka na sufuria ikiwa imefunikwa, akapita mbele yetu sote, akaimwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba. Balozi alibaki anatazama ugali wake mkavu. Tukaaga.

Mama Shekue alikuwa hajabandika. Alinifanya niseme mara mbili, ya pili kwa sauti, ili mumewe aliyekuwa ndani asikie. Kisha akasema kitu kwa Kishambaa kuhusu tumbo lililonizaa, huku mwenye tumbo amesimama hapo hapo. Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubaliana na hesabu.

Bibi Mwanaidi anakaa chini kabisa karibu na mfereji, na wajukuu wawili. Tulipofika alikuwa anaosha sahani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibuni. Tumeshakula, lakini chai ipo."

Mama aliketi kizingitini. Wajukuu walikuwa wanakimbizana uani. Mimi nikawa nawatazama, na safari hii Mama hakuniambia "sema".

"Bibi, mlikula mboga?" nikasema mwishowe.

"Ipi?"

"Ya bomani."

"Ah, ile." Bibi akasugua sahani, taratibu mno. "Ile niliinusa ina harufu kama ya mafuta ya taa. Nikasema hao vijana wa ofisini wameshaanza kumwaga taka zao. Nikapika maharage. Ile nikampa mbuzi."

Mama akavuta pumzi, nikaisikia ikitoka yote.

Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma, anacheua, anatutazama. Ijumaa alilala. Jumamosi, wakati gari la mgeni linapanda, alikufa. Alizikwa mzima na ngozi yake, kwa amri ya Mzee Anyosisye, na wajukuu wakalia kwa sababu alikuwa na jina.

Mgeni naye hakukosa lake. Jua lilikuwa limetoka tangu Ijumaa mchana. Njia ya bendera ikawa ya kahawia pande zote mbili, na mawaridi yakawa ya kahawia, na nyasi changa nazo. Mgeni akauliza kama palikuwa na moto. Mkubwa mmoja wa ofisi akajibu bila kupepesa: "Ndiyo, ndugu. Tuliudhibiti."

Kwa Mzee Anyosisye nilikwenda mwenyewe, Ijumaa asubuhi kabla ya kengele. Nilimkuta ameshika ile keni, anataka kumwagilia miche mipya. Nikaipokonya mkononi mwake, mara yangu ya pili ndani ya siku mbili kumfanyia mtu mzima utovu wa adabu kwa faida yake. Nikamweleza yote. Alikaa kwenye toroli. Akanyoosha zile kucha tatu.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Nyapara akatuambia dawa hii haina neno, mnaweza kuikorogea chai. Yeye mwenyewe alikuwa anasimama upande upepo unakotoka. Sisi hatukujiuliza kwa nini. Kosa la ufunguo ni langu. Kosa la kichwa ni lako. Sasa lete jembe."

Maana mvua za vuli zilikuwa miezi michache tu mbele, na zikinyesha juu ya ule udongo, maji yatashuka mferejini, na mfereji unakwenda kwa watu. Nilichimba njia nzima, kina cha kiganja, pande zote mbili, nikabeba udongo kwa toroli hadi kwenye shimo la changarawe kule juu ya barabara, mbali na maji. Wiki tatu. Kazi niliyoikimbia ya mchana mmoja. Debe nalo lilizikwa huko huko. Jumamosi na Jumapili nilikuwa kwa Bibi Mwanaidi, nalima mahindi na maharage yake badala ya mbuzi. Alikuwa anakaa ukingoni na fimbo anasimamia. "Bwana Dawa, umeruka mstari." Jina hilo nimebaki nalo hadi leo, na ninyi mmelisikia, msijifanye.

Tangu hapo nikajifunza kazi. Nawapa kwa ufupi, maana wino unaisha.

Magugu ya kwenye nyufa za mawe: maji ya moto. Mhudumu wa chai bomani huwa anabakiza birika alasiri. Mwombeni vizuri, mmwage kwenye ufa, polepole, na miguu yenu iwe mbali. Yakiota tena, tena. Kwenye vitanda: pumba za mbao kutoka kwa wapasuaji, zikae kwanza hadi ziwe nyeusi, halafu tandazeni nene kuzunguka maua, gugu likikosa mwanga halina ujanja. Msitandaze nyasi zenye mbegu, mtakuwa mnapanda. Mteremkoni msing'oe hadi pakabaki uchi, mvua itaushusha udongo kwa watu wa chini. Fyekeni tu, mwache ukoka ushike udongo. Na mahali mnapopatilia shaka, pandeni maharage. Nilipanda kila hatua tatu kwenye njia ya bendera. Yakitoka yamepinda, na majani ya manjano, udongo bado una dawa. Mara ya kwanza yalitoka kama viwete. Mara ya pili, mvua zilipoanza, yalinyooka. Nikayang'oa, nikapanda tena, yakanyooka tena.

Lakini njia kubwa kuliko zote haikutoka kwangu wala kwa Mzee Anyosisye. Leo mkipita saa kumi mtawakuta akina mama wameinama pande zote mbili za njia. Mchunga, mnavu, mchicha, hata kishonanguo kikiwa kichanga, wanachuma vyote. Yule mkubwa wa ofisi aliwahi kutoka barazani kuwafukuza, eti bustani ya umma si shamba la mboga. Mzee Anyosisye akamwuliza, "Ndugu, hawa wanang'oa magugu kila siku bila mshahara na bila sumu. Nikishawafukuza, nilete nani?" Mkubwa akarudi ndani. Kwa hiyo kazi yenu ni sangari na ndago. Yanayolika, waachieni wenyewe. Na msifikirie hata siku moja kwamba jani fulani ni la bure kwa kuwa ninyi hamjui jina lake.

Haikuwa rahisi akina mama kurudi. Baada ya dawa, hakuna mwanamke aliyechuma bomani. Kiangazi chote kilichobaki walikuwa wanapanda hadi pembeni mwa mashamba ya juu, mwendo wa saa nzima, kutafuta mboga. Mama naye. Na miezi yote hiyo hakunisema. Aliniamsha, alinipa chakula, alinituma maji, lakini juu ya jambo lile, tangu lile "Sema" la kwa balozi, hakuongeza hata neno. Nilimtania, hakucheka. Nilivunja sahani makusudi nione kama atafoka. Aliokota vipande.

Vuli ilipokolea, mchunga ukaota njia ya bendera, pale pale kati ya mawaridi mapya na mlingoti. Nilimwambia Mama maharage yamenyooka mara mbili. Kesho yake alasiri nikamwona bomani na kikapu, peke yake, anachuma mbele ya macho ya watu wote.

Aliupika. Akawaita mke wa balozi, mama Shekue na Bibi Mwanaidi, na balozi akaja bila kuitwa. Wakakaa uani kwenye mikeka. Mama akaweka ugali katikati, na sahani ya mchunga akaiweka mbele yangu mimi tu. Wengine hawakunyoosha mkono. Zaina alifungwa mkono wake ndani ya kanga ya Bibi.

Nikanawa. Nikamega, nikachovya, nikala. Mchunga ni mchungu, nao siku ile ulikuwa mchungu zaidi. Nikameza. Nikamega tena. Balozi alikuwa ananitazama koo. Nilikula sahani nzima, tonge kwa tonge, nikijisikiliza tumbo kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Nikaisafisha kwa ugali wa mwisho, nikaiweka chini.

Wakakaa. Nikakaa. Kuku wakapita wakarudi.

Mama akainuka, akaenda jikoni, akarudi na sufuria yote, akaiweka katikati ya watu. Akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba, akasema:

"Chumvi imekolea?"